Nguvu na Uaminifu: Kumwandaa Kijana Kutafuta na Kuomba Kazi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuviruzuku viumbe vyake vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Msomaji aliyeko Mombasa, Lamu au Kwale huenda asiujue mtaa wa Kiamaiko, lakini akifika Nairobi akala nyama ya mbuzi, huenda ameila iliyotoka huko. Kiamaiko ni wadi ya eneo bunge la Mathare, mashariki ya jiji, jirani na Huruma. Mbuzi na kondoo huletwa kwa malori kutoka Isiolo, Marsabit, Moyale na kwingineko, wakachinjwa hapo, na nyama yao ikasambazwa kwenye mabucha na mikahawa ya jiji. Wengi wa wakazi wake ni Waislamu, na kati yao Waborana na ndugu zao wa kaskazini wana sehemu kubwa. Adhana ya alfajiri huwakuta watu wamekwisha kushika kazi.

Katika mtaa kama huo, kijana wa miaka ishirini aghalabu amekwisha kufanya kazi kwa muda mrefu, ijapokuwa hajawahi kuajiriwa. Tangu likizo za shule amekuwa akimsaidia ami yake: anashusha mifugo, anachuna ngozi pasipo kuitoboa, anapima nyama, anapokea fedha za watu na kuzifikisha zilivyo. Dada yake naye anaendesha meza ya chai na mahamri ya mama yao, anajua nani ana deni na nani amelipa, na hesabu yote anayo kichwani. Hata hivyo, vijana hawa wawili wakiambiwa waandike wasifukazi, ile karatasi wao huiita sivii, wakifika mahali pa uzoefu wa kazi huandika neno moja: hakuna.

Neno hilo si la kweli, na ndilo linalonifanya niandike makala haya. Vijana wetu wengi hawakukosa kazi za kusimulia, bali hawakufundishwa kuzitolea ushahidi. Na mafundisho hayo huanzia nyumbani, kwa baba na mama, kabla hayajafika ofisini.

Kisa cha Madyan

Katika Suratul Qasas, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za Nabii Musa (A.S.) alipoingia Madyan. Alikuwa kijana mkimbizi, hana akiba, hana jamaa, hana mtu wa kumshika mkono. Akawakuta watu wakinywesha mifugo yao, na kando yao mabinti wawili wamewazuia wanyama wao. Akawauliza wana nini, wakamweleza kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea. Kisha akaenda kivulini, akamwomba Mola wake, akikiri kuwa ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa.

Haukupita muda, mmoja wa mabinti wale akaja akitembea kwa haya, akamwita kwa baba yake. Musa akamsimulia mzee habari zake zote. Ndipo binti akamshauri baba yake amwajiri, akataja sababu mbili tu: kwamba ana nguvu, na kwamba ni mwaminifu. Mzee akaweka masharti waziwazi: ndoa ya binti yake mmoja kwa utumishi wa miaka minane, na akitimiza kumi itakuwa ni hiari yake. Wakaafikiana, na Mwenyezi Mungu akawa shahidi.

Tukikitazama kisa hiki kwa makini, tunaona ndani yake hatua zote za kuomba kazi. Musa alifanya kazi kabla ya kuomba kazi. Aliomba dua baada ya kutoa jasho, wala hakuifanya dua kuwa badala ya jasho. Alijieleza kwa ukweli alipoulizwa. Alisemewa na mtu aliyemwona kwa macho yake. Na mwisho aliingia katika mkataba ulio wazi, wenye muda na haki zinazojulikana. Anayemwandaa mwanawe kwa mambo haya matano atakuwa amemwandaa vyema.

Haya na kujieleza

Tumewalea watoto wetu wasijikweze, na malezi hayo ni mema. Ila yapo mahali ambapo yameeleweka visivyo, mpaka kijana akaona kwamba kutaja analoliweza ni kiburi. Akiulizwa kwenye mahojiano ajieleze, huinamisha kichwa na kusema yeye ni mtu wa kawaida tu. Mwenye kazi hutafsiri unyenyekevu ule kuwa ni kutojua.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli kwa embe lililowekwa sokoni likaonekana. Lakini chakula kilichofunikwa kawa hakijiuzi, hata kiwe kitamu namna gani. Meneja aliyeko eneo la viwanda hajapata kufika Kiamaiko alfajiri akamwona mwanao kazini. Atamjuaje asipoelezwa?

Nabii Yusuf (A.S.) alipofikishwa mbele ya mfalme wa Misri aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, na akataja sifa mbili zilizomfaa kwa kazi ile: uhifadhi na ujuzi. Wanavyuoni wamechukua hapo dalili kwamba mtu anaruhusiwa kutaja sifa yake panapokuwa na haja, maadamu anasema kweli na hakusudii kujifaharisha.

Basi tuwafundishe vijana tofauti ya kujisifu na kushuhudia. Kujisifu ni kudai kitu kisichoweza kupimwa, kama vile kuandika kwamba mimi ni hodari na mchapakazi. Kushuhudia ni kutaja kazi, mahali, muda, na mtu aliyeona. Kijana wetu aandike, kwa mfano, kwamba kwa miaka miwili alipima na kuuza nyama ya mfanyabiashara fulani sokoni Kiamaiko, akapokea malipo ya simu na ya taslimu, na kila adhuhuri akafunga hesabu na kuikabidhi. Dada yake aandike kwamba aliendesha biashara ya chakula ya familia, akanunua bidhaa, akasimamia madeni na kuwahudumia wateja kila asubuhi. Hapo hakuna kiburi wala uongo. Mwenye duka kubwa, mkahawa au ghala akisoma maneno hayo ataona mtu anayeweza kuaminiwa na fedha na kufika kazini mapema.

Upande wa pili wa jambo hili ni kutia chumvi, na huu ni hatari zaidi. Mwezi wa Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti vya wafanyakazi wa serikali ulifichua vyeti ghushi zaidi ya 2,000. Mwenye cheti cha kughushi hupoteza kazi, hushtakiwa, na huweza kudaiwa arudishe mishahara aliyokula. Na hata asipogunduliwa hapa duniani, amewalisha watoto wake kwa hadaa.

Karatasi zisingoje tangazo

Kazi nyingi hupotea kwa sababu ya karatasi. Tangazo hutoka Jumatatu, mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, na kijana ndiyo kwanza anatafuta cheti chake cha kuzaliwa. Kila mama na awe na bahasha moja ngumu nyumbani kwa kila mtoto aliyefikia umri. Ndani yake viwemo cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, nambari ya PIN ya KRA, vyeti vya shule na chuo, na nakala zake. Picha za karatasi hizo zihifadhiwe pia katika barua pepe ya kijana, kwa kuwa simu huibiwa na nyumba huungua.

Jambo la kwanza la kukagua ni jina. Sisi Waislamu tuna msiba wa tahajia: cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha shule kinasema Muhammad, kitambulisho kinasema Mohammed, na jina la babu limo katika karatasi moja na halimo katika nyingine. Nyumbani ni mtoto mmoja, lakini mbele ya karani ni watu watatu. Wazazi walikague jina tangu mtoto anapoandikishwa kwa mtihani wa taifa, wahakikishe linalingana na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Kusahihisha mapema ni kazi ya siku chache. Kusahihisha baadaye ni viapo vya wakili, ada na safari za miezi.

Jambo la pili ni kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wenye asili ya kaskazini, pamoja na Waislamu wengi wa mijini, walipitishwa mbele ya kamati za wazee kuhojiwa juu ya asili zao kabla ya kupewa kitambulisho, ilhali wenzao wa makabila mengine hawakuhojiwa. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa uchujaji huo. Kwa hivyo asiwepo kijana aliyetimiza miaka 18 ambaye bado amekaa nyumbani kwa hofu ya maswali ya zamani. Aende akaombe, na akikwama aulize kwa adabu sababu ya kukwama na aandike jina la ofisi na tarehe.

Jambo la tatu ni cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Huombwa na kulipiwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji huenda kutolewa alama za vidole, na huduma hiyo hupatikana pia katika vituo vya Huduma. Wazazi wajue kwamba sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri haruhusiwi kumtaka mwombaji alete vyeti vya aina hii vya kuthibitisha kuwa hana deni wala kosa, mpaka awe amekusudia kumwajiri. Kwa hivyo mtoto wa maskini asiache kutuma maombi kwa kuwa hana fedha za vyeti hivyo.

Kwa wale waliojifunza kazi kwa mikono bila kupita chuoni, mlango upo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutahini mafundi kwa madaraja: huanza Daraja la Tatu, kisha la Pili, kisha la Kwanza. Fundi wa magari, fundi umeme, mshonaji au mpishi aliyejifunza kwa mjomba wake anaweza kutahiniwa akapata cheti kinachotambulika. Na kijana wa machinjioni anayetaka kazi ya bucha ya duka kubwa au jiko la hoteli aandae pia cheti cha afya wanachotakiwa kuwa nacho wanaoshika chakula cha watu.

Barua na mahojiano

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja, na kila kazi iwe na barua yake. Barua moja iliyonakiliwa ikatumwa mahali hamsini hujulikana mara inapofunguliwa, hasa pale jina la kampuni ya awali linaposahaulika humo ndani. Kijana alisome tangazo mara tatu, aweke alama kwenye kila sifa inayotakiwa, kisha aonyeshe katika barua ni wapi amewahi kuitenda. Anwani ya barua pepe iwe ni jina lake halisi, si lakabu ya kijiweni. Na awe na daftari la kuandika ametuma wapi, lini, na amejibiwa nini, ili akipigiwa simu asiulize, "Ni kampuni gani hiyo?"

Mahojiano yafanyiwe mazoezi nyumbani. Shangazi au kaka mkubwa akae upande mmoja wa meza, kijana upande wa pili, aulizwe maswali matatu: wewe ni nani, umewahi kufanya nini, na kwa nini unaitaka kazi hii. Ajibu kwanza kwa Kiswahili mpaka maana ikae sawa, kisha kwa Kiingereza, maana ofisi nyingi za Nairobi huhoji kwa lugha hiyo. Wanafamilia wasimcheke akikosea. Kicheko cha nyumbani kimewafunga ndimi vijana wengi kuliko ukali wa meneja.

Binti asiyepeana mkono na mwanamume aweke kiganja kifuani, atabasamu kwa heshima na kutoa salamu. Mara nyingi tendo hilo lisipofanywa kwa ukali halimkeri mtu. Suala la swala na Ijumaa liulizwe mwishoni, baada ya kazi yenyewe kuzungumzwa, na lifuatane na pendekezo: dakika ngapi, na namna gani atazifidia. Anayeomba haki yake huku akionyesha kwamba anajali haki ya mwajiri husikilizwa upesi zaidi.

Binti zetu

Tumrejee yule binti wa Madyan. Qur'ani inaitaja haya yake katika mwendo, na papo hapo inataja rai yake katika shauri la ajira, rai ambayo baba yake aliisikia na kuitenda. Haya haikuufunga ulimi wake wala akili yake. Basi baba asiseme kwamba amemfungia binti yake nyumbani kwa ajili ya haya, kisha akamwachia mama peke yake mzigo wa kodi na karo.

Ni haki ya mzazi kuuliza kazi iko wapi, inaisha saa ngapi, na binti atarudije nyumbani. Lakini auliza ili afungue njia iliyo salama, si ili afunge kila njia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani au dini yake, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi huo huo. Binti mwenye hijabu anapokwenda kwenye mahojiano na ajue kwamba anakwenda na haki yake. Haendi kuomba hisani.

Na kwa wale wanaotazama Saudia na nchi nyingine za Ghuba: wakala wa ajira awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili huo ukaguliwe kwa mamlaka yenyewe, usikubaliwe kwa maneno ya wakala. Sheria inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi. Binti asisaini karatasi asiyoielewa. Nakala ya mkataba na ya pasipoti ibaki nyumbani kwa mama. Musa alijua muda wake na malipo yake kabla ya kuanza. Na sisi tusimpeleke mtoto ng'ambo pasipo kujua mambo hayo mawili.

Mlango wa hongo

Katika mitaa yetu linavuma neno kwamba pasipo mtu au pasipo kitu kidogo hupati kazi. Familia huuza mbuzi, huchangisha jamaa, hukopa, wakampa dalali anayedai ana mtu ndani. Mara nyingi dalali huzima simu. Na akitimiza, msiba ni mkubwa zaidi: kazi imeibwa kwa kijana mwingine aliyeistahiki, ambaye naye ana mama anayemlilia Mola wake usiku.

Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa, wote wawili. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 nayo inawatia hatiani wote wawili. Kijana afundishwe kanuni nyepesi: anayetaka fedha ili akupe kazi, hana kazi ya halali ya kukupa. Ada ya cheti hulipwa kwa serikali na risiti hutolewa. Kiti cha kazi hakina bei.

Kumjulisha mtu mahali penye nafasi, au kumsemea kwa kile unachokijua juu yake, si rushwa. Ndicho alichofanya binti wa Madyan. Kinachokatazwa ni kununua nafasi, au kumsemea asiyestahiki kwa kuwa ni mtoto wa ndugu.

Wajibu wetu sote

Imepokewa kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (S.A.W.) akiomba msaada. Mtume akamuuliza nyumbani kwake kuna nini. Akaleta nguo na chombo cha kunywea maji. Vikauzwa kwa dirhamu mbili: moja akanunulie watu wake chakula, na nyingine anunue shoka. Alipolileta shoka, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akakate kuni na asirudi kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa amechuma dirhamu kumi. Wazee wetu husema achanikaye na mpini hafi njaa. Lakini tuzingatie kwamba mpini ule ulitiwa na Mtume mwenyewe. Hakumwambia tu akatafute kazi.

Kutia mpini leo ni jambo ambalo kila mmoja anaweza kulifanya. Mfanyabiashara wa mbuzi ambaye kijana alimtumikia kwa uaminifu amwandikie barua fupi: amemjua tangu lini, alimkabidhi nini, na alikirudisha vipi. Ustadhi wa madrasa akubali kutajwa kuwa mdhamini, aseme analolijua bila kuongeza, kwani ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Kamati ya msikiti itenge jioni moja kwa mwezi baada ya Isha, walio na ajira wakae na wasio nayo, wasome matangazo pamoja na kurekebisha barua. Na kikao kama hicho kiwepo upande wa kina mama na mabinti pia, wala kisiwe cha wanaume peke yao.

Nyumbani nako tuchunge ndimi zetu. Kijana aliyetuma maombi thelathini na hakujibiwa hana haja ya kuulizwa kila chakula cha jioni kama bado hajapata. Muulize ametuma wapi juma hili, na umsomee barua yake. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni kumfunga ngamia kwanza kisha kumwachia Mola. Kijana akifunga kamba yake sawasawa, sisi wazazi tusimlaumu kwa lililo mikononi mwa Mola.

Ewe Mola wetu, wafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, wape nguvu katika miili na elimu zao, na uaminifu katika ndimi na mikono yao. Wape wazazi wao subira na hekima, na utujaalie sote kuwa mashahidi wa kweli kwa watoto wetu na kwa watoto wa wenzetu. Amin.